Mwalimu wa Kwaya na Watu wa Ghorofa ya Juu

"Alisali, au aliangalia tu?"

Swali hilo niliulizwa Jumapili moja mchana, katika chumba cha nyuma cha kanisa letu kule Louisville. Ibada ilikuwa imekwisha, viti vya plastiki vimepangwa duara, na sufuria ya wali ilikuwa inatoa mvuke karibu na mlango. Aliyeuliza alikuwa mzee wa kanisa, Mkongomani wa milima ya Kivu Kusini, mtu mwema ambaye siku tulipofika Marekani alibeba kochi letu mgongoni hadi ndani.

"Bon, binti yangu," alisema, "wewe njo uliendesha gari. Uko shahidi. Wakati bale batu balikuwa banasali, Mama Mwalimu alisali nabo, ao aliangalia tu?"

Mama Mwalimu, yaani mwalimu wetu wa kwaya, alikuwa amekaa mkabala nami, mkoba magotini. Kila mtu mle ndani alijua jambo lilivyo. Nikisema aliangalia tu, atabaki na kwaya yake, ile aliyoianzisha kambini Tanzania na kuivusha bahari. Nikisema alisali, ataipoteza.

Nikasema, "Sijui."

"Umesoma mpaka universite, na haujui?"

Watu wakacheka. Mwalimu hakucheka.

Sitasema alizaliwa wapi wala wazazi wake walikuwa nani. Maswali hayo tuliulizwa mara nyingi mno, na watu wenye fomu, na kila mara majibu yalikuwa ya kumtafutia mtu mahali pa kumweka. Nitasema ninayoyajua. Alikuwa mfupi, mabega mapana, na masikio yake yalikuwa makali kuliko ya mtu yeyote niliyewahi kukutana naye. Angeweza kusimama mbele ya watu arobaini wanaoimba, akanyoosha kidole kwa mmoja wa safu ya nyuma na kusema, "Wewe, jana hukulala." Na kweli hakulala, alikuwa shifti ya ziada.

Alifundisha kwa do re mi, bila karatasi, bila kinanda. Kinanda alikiita mkongojo wa mlevi: kinakusaidia kusimama lakini hakikufundishi kutembea. Alikuwa na fimbo nyembamba ambayo hakuwahi kumpiga nayo mtu; aliigonga mguuni mwake mwenyewe, na mguu ule ulikuwa na alama. Mtu akiimba kwa sauti kubwa ili asikike, alisimamisha kwaya nzima. "Sauti isiyomsikia jirani yake ni kelele," alisema. "Rudia. Safari hii msikilize aliye kushoto kwako, wewe mwenyewe usijisikie kabisa."

Kirundi alikitumia kwa mambo ya nyumbani na kwa mizaha. Akitaka kukukaripia alihamia Kiswahili. Nilikulia kwenye Kiswahili chake.

Alichukia uchelewaji, lakini mazoezi hayakuanza hata siku moja kwa wakati, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mlangoni akibishana na mtu. Aliwakataza wasichana kuvaa suruali kwenye kwaya, na kila asubuhi ya siku za kazi alipita mbele ya madirisha yetu mtaani Highview amevaa suruali ya marehemu mumewe, imefungwa kwa kamba, akielekea ghala la kufungasha maboksi. Alihubiri kwamba Injili iliondoa miiko yote ya vyakula, akiwakumbusha watu Petro na lile shuka lililoshuka kutoka mbinguni limejaa wanyama. Lakini kondoo hakumla maishani mwake, kwa sababu wakubwa zake hawakumla. Ukimwuliza sababu alisema, "Kondoo ana haya," kana kwamba hilo ni jibu.

Na alifundisha nyimbo za msamaha kwa machozi halisi, huku akitunza kinyongo kama watu wengine wanavyotunza nguo za sikukuu.

Kimoja cha vinyongo hivyo kilikuwa changu. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni Columbus, nimerudi nyumbani likizo, na kichwa changu kimejaa mambo niliyosoma. Katikati ya mazoezi ya Krismasi niliinua mkono nikasema mbele ya wote, "Mwalimu, tunaimba kwamba tutavikwa taji. Lakini kesho alfajiri tunavaa fulana za ghala, na mkubwa wa ghala anafurahi sana kwamba tunangojea taji. Nani alitutungia nyimbo hizi?"

Mwalimu akagonga fimbo mguuni. Akasema, "Toka."

Nikatoka, na sikurudi. Kwa miaka miwili hatukusalimiana. Nilijivunia hilo, nikidhani nimefukuzwa kwa ajili ya ukweli. Sikujua bado kwamba nilifukuzwa kwa sababu nilisema wakati sauti ya pili walikuwa wamekaribia kuishika nota iliyowashinda mwezi mzima.

Sasa, hao "bale batu". Juu ya apatimenti ya Mwalimu iliishi familia moja kutoka milima ya mashariki ya Uturuki. Ni Waalevi. Jina hilo kwa Kiswahili lina bahati mbaya, na utani wote unaowezekana ulishatolewa kanisani kwetu mara nyingi kuliko mahubiri, kwa hiyo mimi sitauongeza. Ni watu wanaompenda Ali, mkwe wa Mtume, lakini msikitini hawaendi. Husali nyumbani au katika ukumbi, wanaume na wanawake pamoja, wakitazamana nyuso, kwa nyimbo na kwa ala ya nyuzi yenye shingo ndefu iitwayo saz. Kwao wamesumbuliwa kwa ajili hiyo kwa vizazi vingi. Mama wa familia ile alifanya kazi ghala moja na Mwalimu, maboksi yale yale, lakini kwa mwaka mzima walikuwa wakipungiana mkono tu.

Kilichowakutanisha ni sikio. Jioni moja jirani alikuwa anapiga saz, na Mwalimu, aliyekuwa chini anamenya viazi, alivumilia, akavumilia, kisha akapanda ngazi kisu bado kikiwa mkononi. Akabisha hodi. Jirani alipofungua, Mwalimu alimwambia kwa Kiingereza chake cha ghala, "Samahani, dada. Waya wako mmoja umelegea."

Jirani akakiangalia kisu, akamwangalia yeye, akamkaribisha. Akamwekea saz mapajani. Akamwonyesha kwamba hakuna waya uliolegea. Pale shingoni kulikuwa na mafundo ya uzi, na fundo moja lilikaa mahali ambapo, kwa masikio ya Mwalimu, hapakutakiwa kuwa na kitu. Si la, si ti. Katikati.

Mama yangu alinisimulia kwamba Mwalimu alikuja kwetu siku ya pili akiwa kama mtu aliyefiwa. "Kuna sauti hapo katikati," alisema. "Nimefundisha miaka yote hii, na kuna sauti ambayo sijawahi kuiita kwa jina. Na watu wanasalia juu yake!"

Tangu hapo alipanda ngazi kila Jumamosi. Jirani alikuwa mdogo kwake, akamwita *abla*, maana yake dada mkubwa. Mwalimu alimwita "dada" hivyo hivyo. Lugha yao ilikuwa Kiingereza cha maneno hamsini, kilichotosha kuelezana maboksi, magoti yanayouma, na Mungu. Mwalimu alijifunza wimbo mmoja wao unaosema kwamba kitabu kikubwa cha kusomwa ni mwanadamu. Alipotafsiriwa maneno hayo na binti wa jirani, aliyekuwa anasoma sekondari wakati huo, alikunja uso: "Na Biblia?" Jirani akajibu, "Nani aliisoma, kama si mwanadamu?" Mwalimu akasema kwamba hajakubali, lakini wimbo uendelee.

Naye akamfundisha jirani kuimba sauti ya pili. Hilo lilikuwa gumu zaidi. Nyimbo za jirani zote ni za sauti moja. Watu wote hutembea njia ile ile. Mwalimu alimwambia aimbe kitu tofauti na yeye, wakati ule ule, bila kugombana. Jirani alicheka mpaka akalia. "Abla, kwetu watu wakiimba tofauti maana yake wamekosana!" "Kwetu," alisema Mwalimu, "wakiimba sawasawa maana yake mwalimu wao mvivu."

Halafu sungura. Kambini Mwalimu alifuga sungura nyuma ya nyumba. Watu wengine walikula maharage ya mgao. Ukialikwa kwake ukawekewa sungura, ulijua umeheshimiwa kuliko mchungaji. Kwa hiyo jirani alipomwalika kwa chakula mara ya kwanza pamoja na jamaa zake wote, Mwalimu alikwenda kwa mkulima mmoja nje ya mji, akanunua sungura wawili, akawapika kwa vitunguu na ndizi, akapanda nao ngazi amewashika kama mtoto wa kubatizwa.

Sufuria ilipofunuliwa na kuelezwa ni nini, sebule nzima ilikufa ganzi. Waalevi hawali sungura. Hawamgusi. Wapo kati yao wanaokula kila kitu, wanaokunywa, wasiofunga, wanaocheka kila mwiko wa dunia, lakini sungura hapana.

Walimshukuru. Wakaiweka sufuria katikati ya meza, mahali pa heshima. Hakuna aliyeigusa. Mwalimu, ambaye hakuwahi kuacha jambo lijipitie lenyewe, akauliza, "Kuna nini?"

"Hatumli, abla."

"Kwa nini?"

Mmoja akatoa sababu. Mwingine akatoa sababu nyingine kabisa. Wa tatu akasema zote mbili ni uongo. Walipokwama, Mwalimu alipiga kofi pajani.

"Basi!" akasema. "Mimi sili kondoo, na mimi pia sijui kwa nini."

Mama yangu anasema hapo ndipo urafiki ulipoanza. Mimi niliposimuliwa nilikasirika. Nilitaka mtu mmoja, upande wowote, anipe sababu ya kweli. Niliona watu wazima wawili wanafurahia kutojua. Bado nina mashaka kidogo juu ya furaha ile.

Kila mwaka, majira ya baridi, Waalevi wa miji ya jirani hukutana Columbus Jumamosi kadhaa. Hukodi ukumbi karibu na mtaa wa wanafunzi, nao huja na babu yao, kiongozi wa dini, ambaye kwa lugha yao huitwa *dede*, na maana yake ni babu tu. Siku za kazi alikuwa dereva wa lori. Ibada yenyewe huitwa *jem*. Jirani alimwalika Mwalimu. Gari lao lilikuwa limejaa. Mwalimu akampigia simu mama yangu: "Mwambie mtoto wako anarudi chuoni Jumamosi. Anipeleke."

Hakusema "tafadhali", wala hakulitaja jina langu.

Tuliendesha zaidi ya saa tatu. Katika saa hizo aliniambia maneno mawili: "Punguza mwendo." Aliyasema mara nne.

Ukumbini tulivua viatu. Watu walikaa chini kwa duara, mabibi na mababu na vijana wa chuo na watoto, bila pazia la kutenga wanawake. Babu alikaa juu ya ngozi ya kondoo. Nilitoa daftari. Nilikuwa tayari kuandika kila kitu: nani anakaa wapi, nani anatii nani, mchezo wenyewe unachezwaje.

Kabla ya mishumaa kuwashwa, kabla ya wimbo wowote, babu aliuliza swali. Binti wa jirani alilifanya Kiingereza, nami nikalifanya Kiswahili sikioni mwa Mwalimu: "Je, kuna mtu hapa ana kinyongo na mwenzake? Kama yupo, aseme. Hatuwezi kuanza."

Kwa wenyeji ni swali linaloulizwa kila mara, na mara nyingi hujibiwa kwa kimya, kwa sababu wenye ugomvi hupatanishwa mapema. Mgeni hatarajiwi kujibu. Lakini Mwalimu hakujua kuna maswali yanayoulizwa kwa desturi. Akainua mkono. Akasimama.

"Mimi," akasema. "Nina kinyongo na huyu mtoto aliyenileta."

Nilikataa kutafsiri. Binti wa jirani akanitazama. Ukumbi mzima ukanitazama. Mwishowe nilitafsiri mashtaka dhidi yangu mwenyewe.

Nilidhani babu atatabasamu, aseme karibuni wageni, aendelee. Hakutabasamu. Alituita katikati, miguu mitupu, tusimame pamoja. Akamwuliza Mwalimu amekosewa nini. Mwalimu alieleza lile la taji na fulana, kirefu, akaimba hata ile nota. Kisha nikaulizwa mimi.

"Mwambie babu," nilimwambia binti, "kwamba mimi hata siamini mambo haya. Siamini ya kwetu, siamini ya kwao. Nimekuja kuendesha gari."

Babu alinisikiliza hadi mwisho. Jibu lake lilikuwa fupi.

"Sikukuuliza unaamini nini. Nimeuliza kama una amani na huyu mama."

Sikuwa nayo. Hilo nililijua wazi, bila daftari. Watu wakakaa kusubiri. Hakuna aliyekohoa, hakuna aliyetazama saa. Chakula kilikuwa kinapoa jikoni, wazee walikuwa wamekaa juu ya sakafu ngumu, na wote walikuwa tayari kukaa vile mpaka mimi na mwalimu wangu wa kwaya tumalizane.

"Sikusema uongo siku ile," nilimwambia kwa Kiswahili.

"Sikusema ulisema uongo. Ulisema wakati watu wanaimba."

"Basi, kwa hilo, nisamehe Mwalimu."

"Na mimi nilikufukuza mbele ya watu. Ningekufukuza pembeni." Akanishika kichwa kwa mikono miwili, kwa nguvu, kama anavyoshika malimau sokoni. "Waambie tumemaliza. Waanze, wazee wa watu wanaumia magoti."

Yaliyofuata nimeyaandika nusu tu. Mwanamke alifagia katikati kwa ufagio mdogo, mahali ambapo hapakuwa na vumbi. Mishumaa iliwashwa. Saz ilianza, na watu wakaimba, na wengine wakasimama kuzunguka taratibu, mikono ikipanda na kushuka. Mwalimu alikuwa kando yangu, macho wazi, midomo ikicheza. Nilimtazama mara moja au mbili tu. Wakati mwingi nilikuwa nafanya jambo ambalo nalionea haya: nilikuwa nalia, na sikutaka aone.

Mwishoni nyama iligawiwa, kila mtu sahani yake, mafungu sawa kwa mtoto na kwa babu. Hakuna anayekula mpaka waulizwe wote kama wameridhika na mafungu yao. Mwalimu aliiinamia sahani akainusa.

"Ni mbuzi?" akanong'ona.

"Ni kondoo."

"Wewe huwezi kunyamaza hata mara moja?"

Ukumbi ulikuwa unangoja. Akavuta pumzi, akasema kwa sauti ya kwaya, "Nimeridhika." Akala yote. Jirani, aliyekuwa amejiziba mdomo kwa kitambaa, akamwambia, "Abla, mwakani mimi nitakula sungura."

"Usiniahidi uongo ibadani, dada."

Habari zilifika Louisville kabla ya Mwalimu. Wiki mbili baadaye niliitwa kutoka chuoni, tukawa katika chumba kile cha nyuma, na mimi nikasema sijui.

Wazee hawakuwa wakatili, na sitawafanya kuwa wakatili ili hadithi yangu iwe rahisi. Walikuwa wameona makanisa yakichomwa. Walikuwa na hofu ya kupotea katika nchi hii, kidogo kidogo, na hofu hiyo ni ya kweli. Walimpa njia. Aseme sentensi moja mbele ya kanisa: nilikwenda kama jirani, niliangalia tu.

"Na ile nyama ya sadaka," mzee akaongeza, "wanasema ulikula. Donc, useme ulikula bila kujua."

"Nilijua," alisema Mwalimu. "Huyu mtoto aliniambia. Ilikosa chumvi."

"Mama Mwalimu, hakuna mtu anakukatalia kuwa na majirani. Ile tunakatala ni kusali nabo. Sema tu uliangalia. Neno moja, mama. Kwaya ni yako."

Nilimwomba kwa macho aseme. Mimi, niliyefukuzwa kwa sababu ya ukweli, nilitamani adanganye. Alifungua mkoba, akatoa ufunguo wa kabati la majoho, akauweka juu ya kiti kitupu.

"Swali lenyewe silikubali," alisema. "Nimeongoza kwaya hii tangu kambini. Wamo walioimba wana njaa, wamo walioimba wana hasira, wamo waliokuja kutafuta wachumba. Sijawahi kumwuliza hata mmoja kama anasali au anaimba tu. Na ninyi hamtaniuliza mimi."

Akasimama, akachota wali kwenye sahani ya karatasi, akala kwanza. Kisha akaenda zake. Kwaya wakapewa kinanda.

Watu waliniambia baadaye kwamba neno langu moja lingemwokoa. Labda. Nimelifikiria mara nyingi. Lakini nakataa kwamba kosa lilikuwa "sijui" yangu. Kosa lilikuwa la wale waliodhani kuna mtu mwingine anayeweza kujua.

Mwaka ule ule alihamia Buffalo kwa mwanawe, upande wa East Side, ambako familia nyingi za kwetu zimepata nyumba za zamani zenye ngazi za mbao. Nami nikamaliza chuo, nikapata kazi hapo hapo Columbus, nikaenda kumwona baada ya miaka kadhaa. Theluji ilikuwa imefika magotini. Alikuwa barazani amevaa makoti mawili, akimwelekeza mwanawe namna ya kutumia koleo.

"Huyo si yule mwenye maswali?" alisema aliponiona. "Bado hujaolewa?"

"Bado, Mwalimu."

"Nani atakuoa? Mtu akisema nakupenda, utamwomba ushahidi."

Alikuwa amezeeka. Sauti ilikuwa imekauka. Alipoimba ilitoka kama mlango wenye kutu. Kanisa la pale walimwomba awafundishe, akakataa. Alikaa benchi la nyuma kabisa. "Nawahesabia makosa," alisema. "Ni starehe yangu." Kwaya ya Louisville hakuitaja, nami sikuthubutu kuitaja. Ila alipokuwa anapika chai, bila kugeuka, aliuliza, "Ile sauti ya pili, wanaishika bado, au wameiachia kinanda?" Nikamwambia wameiachia. Akaongeza sukari kwenye sufuria, nyingi kuliko inavyotakiwa.

Kila Jumapili jirani alimpigia simu, akampigia saz kwenye spika. Mwalimu alimwambia kama nyuzi zimelegea.

Nilimwuliza. Nilikuwa nimeendesha gari katika theluji kwa ajili hiyo.

"Siku ile Columbus, Mwalimu. Ulisali?"

Alikunywa chai. "Nilikuwa natafuta sauti ya tatu," alisema. "Wote wanaimba moja. Nikaanza kutafuta pa kuingilia. Ya pili niliipata upesi. Ya tatu nilitafuta mpaka mwisho, na ile nota yao ya katikati inanisukuma huku, inanisukuma kule. Sikuipata."

"Kwa hiyo ulisali au hukusali?"

"We mtoto! Mtu akitafuta kwa nguvu zake zote mahali pa kukaa na wenzake, asimharibie yeyote wimbo, anafanya nini?"

"Sijui."

"Basi endelea kutojua, lakini kunywa chai, inapoa."

Alifariki majira ya kuchipua yaliyofuata. Kwaya ya Louisville ilikuja mazishini, na ikaimba na kinanda. Mimi nilikaa nyuma, nikawahesabia makosa.

Ni baada ya hapo, muda mrefu baadaye, ndipo nilipokutana na binti wa jirani, sasa mtu mzima mwenye kazi yake. Tulikuwa tunaongea mambo mengine kabisa, kodi za nyumba na magoti ya mama zetu, alipolitaja kama jambo ninalolijua. Majira ya baridi baada ya Mwalimu kunyang'anywa kwaya, walikutana tena Columbus kama kawaida, na babu akauliza kama kuna mwenye kinyongo. Mama yake akasimama akasema anacho, na wazee wa kanisa fulani Louisville. Babu akasema basi hawezi kufungua. Akaendesha hadi Louisville, akabisha hodi kwa mzee wa kanisa, akapewa chai, akaambiwa kwa adabu kwamba jambo lile limekwisha. Jumamosi iliyofuata akarudi akawaambia watu wake halijaisha. Wakala mikate yao, wakavaa viatu. Mwalimu hawakumwambia kamwe. Mama yake aliwakataza, akisema Mwalimu angewaamuru wasali. Kwa hiyo majira yale yote ukumbi ulikaa bila ibada, mitaa miwili kutoka chumba changu, nami nilipita mbele ya mlango wake kila wiki nikienda kufua nguo.